Kijerumani, Kichina au Kifaransa ukiwa unasoma Kemia chuo?

praktiko_saa_nane: Wakuu salama? Nipo mwaka wa pili hapa Mlimani (UDSM), Kemia, nataka niongeze lugha moja maana nawaza masta nje. Shida ratiba, praktiko inaanza saa nane tunatoka giza limeingia na ripoti bado. Ipi haitanilisha sapu (mtihani wa kurudia)?

mzee_wa_HSK: Dogo chukua Kichina, Taasisi ya Confucius ipo hapohapo chuoni tangu 2013, hupandi daladala. Kitenzi hakibadiliki, hakuna cha nilikwenda nitakwenda, kinachoua ni toni na kuandika. HSK 4, yani levo ya nne ya mtihani wa Kichina, kwa mpangilio wa zamani ni maneno 1200 na hayo hayashikiki kwa kusoma wikiendi tu, ni nusu saa kila siku, mimi niliacha wiki mbili za UE (mitihani ya mwisho wa semista) kurudi nikakuta yamesepa yote. Ila kwa mkemia kuna utamu wake, kwenye maandishi yao jina la karibu kila metali lina kaalama ka metali pembeni na ya gesi yana alama ya hewa, yani hata jina hulijui lakini unajua hii gesi.

dada_wa_Upanga: Mimi niko Kijerumani, Goethe (taasisi ya Wajerumani) pale Upanga, foleni ndo ilinimaliza sio masomo 😂 Si ulikariri form two sodiamu Na, potasiamu K bila kujua kwanini? Wajerumani wanaita Natrium na Kalium, basi yameisha. Hidrojeni ni Wasserstoff, yani kitu cha maji. Der die das, yani jinsia za nomino, watu wanatishia nazo bure, sisi tuna ngeli ngapi jamani? Ila nisikudanganye, masta nyingi za sayansi kule unaweza kusoma kwa Kiingereza na vyuo vya umma vingi havitozi ada (Baden-Württemberg wageni wa nje ya Ulaya wanalipa euro 1500 kwa semista), kwa hiyo lugha ni ya kuishi na kutafuta kazi baadae. Na kama huna skolashipu viza inataka uonyeshe karibu euro elfu 12 za kujikimu mwaka mmoja, hapo ndo wengi wanaishia.

mtu_wa_Kigoma: Mbona Kifaransa mmekiruka kama hakipo? Kijana wa kemia afikirie migodi ya shaba na kobalti ya Kolwezi, Kongo. Mtaani Lubumbashi utaongea Kiswahili chako vizuri tu, ila makaratasi ya ofisini ni Kifaransa. Na huko hakuna viza ya euro elfu 12.

praktiko_saa_nane: Duh hiyo ya Kolwezi sikuiwaza kabisa. Bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) lenyewe linaisha wiki ya tatu, naona Upanga nauli tu itanitoa roho.

mzee_wa_HSK: Basi anza likizo ndefu sio katikati ya semista. Likizo unamaliza levo ya kwanza, semista ikianza unashikilia ulichonacho tu usiongeze.

dada_wa_Upanga: Hapo nakubaliana na mzee. Mimi nilianza semista ya titresheni, muulizeni mwenzangu wa benchi nani aliandika ripoti zote.