Tupeane uzoefu: kamera ya gari, sauti tuiwashe au tuizime?

Mwanzisha mada, Tabora Mjini

Ndugu zangu madereva na wamiliki wa magari wa ukanda huu wa magharibi mwa Tanzania, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo wauzaji wa kamera za gari hulipita haraka mno, nalo ni sauti. Kuhusu picha sidhani kama bado kuna ubishi, kwa kuwa kila atokaye Tabora kuelekea Nzega au Kaliua amekwisha kuona ajali ambayo kila upande unaapa kuwa ndio wenye haki. Ninachouliza ni kuhusu maiki, yaani kile kitundu kidogo kilicho ubavuni mwa kamera: kiachwe kirekodi yote yanayosemwa ndani ya gari, au kizimwe?

Nitaeleza kwanza msimamo wangu ili mjue mnabishana na nani. Naamini sauti ni shahidi mwenye nguvu kuliko wengi wanavyodhani, lakini naamini vilevile kwamba abiria hapaswi kurekodiwa maneno yake bila kuambiwa, hata kama gari ni langu, mafuta ni yangu na kamera nimeinunua kwa fedha yangu.

Nina Noah ya kukodisha inayobeba watu kwenda Urambo na Kaliua. Karibu na Usoke, kijana aliyekuwa mbele yangu kwa baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa alikata kulia ghafla bila kugeuka kutazama. Nilikwepa, lakini gunia la nje liligusa ubavu wa gari, naye akaanguka na kuumia mkono. Watu waliokuwa kando ya barabara walikusanyika wakisema kwa kauli moja kwamba sikupiga honi. Picha ya kamera ilionyesha baiskeli vizuri kabisa, ila honi haionekani kwenye picha. Mwenyekiti wa kitongoji alipoiweka simu yangu, yenye rekodi ya kamera, sikioni akasikia honi moja ndefu, mbili fupi, mlio wa indiketa ukigonga, kisha breki, akaomba kusikiliza tena, na baada ya hapo mazungumzo yakaacha habari ya nani mkosaji yakageukia namna ya kumfikisha kijana hospitali.

Lakini katika kipande kilekile, chini ya honi, alisikika abiria wangu wa kiti cha nyuma akimweleza ndugu yake kwa simu majibu ya vipimo vya mkewe. Kila aliyesikiliza honi alisikiliza na hayo. Abiria mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, amenyamaza, akitazama chini. Tangu hapo sijaweza kulichukulia suala hili kuwa dogo, na ndiyo sababu nawaita mseme yaliyowakuta.

Dereva wa taksi, Kigoma

Mimi ni dereva wa kuajiriwa, naegesha Mwanga, na kazi zangu nyingi ni za Ujiji, bandarini na stesheni. Tajiri wangu alifunga kamera baada ya gari kuvunjwa taa likiwa limeegeshwa, na wala sikupinga, kwa sababu kamera inanilinda hata mimi. Tatizo lilianza alipojenga mazoea ya kuchomoa kadi ya kumbukumbu ya kamera kila jioni nikipeleka hesabu, akaenda kusikiliza nyumbani. Siku moja aliniuliza mbele ya watu kwa nini nimemwambia mke wangu kwamba nina deni la ada ya mtoto. Deni lile lilikuwa langu na nyumba yangu, halikuhusu gari wala hesabu yake.

Yupo pia mama mmoja afanyaye biashara ya dagaa na migebuka pale Kibirizi, mteja wangu wa muda mrefu, ambaye hupanga bei na wenzake kwa simu akiwa kiti cha nyuma. Alipoona kile kitaa chekundu akauliza ni nini, nami nikamweleza ukweli. Hakugomba, alinilipa na kunishukuru, lakini sikumwona tena. Kwa mtu anayeishi kwa wateja wa kudumu, hiyo ni hasara ambayo haionekani kwenye hesabu ya jioni. Naomba wenye ujuzi wa sheria waniambie: je, tajiri ana haki ya kusikiliza kila kitu kwa kuwa gari ni lake?

Wakili, Tabora

Ndugu dereva, umegusa sheria mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza inahusu kupokelewa kwa rekodi mahakamani. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hakiruhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kinachopimwa ni kama namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa inaaminika, kama ulilindwa usichezewe, na kama aliyeutengeneza anatambulika. Ndiyo maana huwaambia wateja wangu wachomoe kadi mara tu baada ya tukio, waweke nyingine, na wasithubutu kukata kipande wanachokipenda na kufuta kilichobaki. Video iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya na kupoteza taarifa zake za asili, kwa hiyo inafaa kumwonyesha ndugu, lakini mbele ya hakimu itakuletea maswali mengi.

Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Maneno ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi, na habari za afya yake, kama zile za abiria wa Usoke, zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Sheria inataka mtu ajulishwe kabla taarifa zake hazijakusanywa, ajue lengo lake, ajue na watakaozipokea, kisha zisihamishiwe kwenye lengo jingine. Tajiri aliyefunga kamera kwa ajili ya ajali na wizi, halafu akaitumia kusikiliza simu za dereva na mkewe, kwa maoni yangu amehama lengo, na umiliki wa gari haumpi kinga. Anayekusanya taarifa za watu katika biashara anapaswa pia kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na nyuma ya yote hayo ipo Ibara ya 16 ya Katiba yetu, inayolinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake.

Niongeze tahadhari moja. Ushauri mwingi unaosomwa mitandaoni unatoka nchi nyingine na haupaswi kubebwa mzimamzima. Katika jimbo la California, Marekani, mazungumzo ya siri hayarekodiwi mpaka wote wanaozungumza wakubali, ilhali sheria ya shirikisho ya nchi hiyohiyo huridhika na kibali cha mzungumzaji mmoja. Ujerumani, kurekodi kwa siri maneno ya mtu yasiyosemwa hadharani ni kosa la jinai, ingawa mahakama yao ya juu iliamua mwaka 2018 kwamba picha za kamera ya gari zinaweza kupokelewa katika shauri la madai ya ajali. Sisi tusimamie sheria zetu.

Mama wa watoto watatu, Kasulu

Ninyi mnazungumzia abiria. Mimi naomba niseme ya familia, maana gari letu ni la nyumbani tu. Tulikuwa tunapandisha mlima asubuhi ukungu umetanda, jua linachomoza upande mmoja na mvua inanyesha upande mwingine, na kamera ilinasa mandhari ambayo mpiga picha wa harusi angelipwa fedha nyingi kuipata. Mpwa wangu alikitoa kipande kile kwa simu na kukirusha kwenye kundi la ukoo. Watu walisifu ukungu kwa muda mfupi tu, kwani kaka yangu mkubwa alikuwa anasikika vizuri akieleza ni kiasi gani tutashuka kwenye mahari ya binti yetu iwapo upande wa pili utalalamika. Na upande wa pili ulikuwa na watu wawili ndani ya kundi lile.

Posa ilikamilika, ninamshukuru Mungu, lakini kwa kiwango kilekile cha chini ambacho kaka alikitaja garini, na kaka hakuzungumza na mpwa wangu yule kwa muda. Tangu wakati huo sauti imezimwa. Dada zangu wenye magari ya nyumbani, chunguzeni hili kabla hamjawaazima vijana simu.

Dereva wa lori, njia ya Uvinza

Kwa heshima yenu wote, mimi siizimi, na nitaeleza kwa nini. Nabeba chumvi kutoka Uvinza na wakati wa msimu nabeba tumbaku, safari nyingi naanza alfajiri kungali giza. Usiku kamera hizi hazisomi namba za magari, kwa sababu mwanga wa taa ukipiga kibao cha namba kinabaki kung'aa tu kama karatasi tupu. Kwa hiyo nikiona jambo nalisema kwa sauti. Nataja herufi na tarakimu za namba, rangi ya gari, kijiji nilichokipita na upande ninaoelekea, nikiwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili na bila kugusa simu.

Lilipotokea lori moja kulipita jingine kwenye kona na kumsukuma mtu wa pikipiki mtaroni, picha yangu ilionyesha taa mbili nyekundu zinazotoweka gizani na si zaidi ya hapo. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa na namba. Askari aliyeandika maelezo aliandika namba ile kutoka kinywani mwangu mwenyewe, iliyosemwa dakika ileile, si iliyokumbukwa baada ya saa tatu za kubabaika. Yule mtu wa pikipiki alivunjika mguu na alikuwa na haki ya kujua aliyemfanyia hivyo.

Ila mimi na utingo wangu tuko wawili tu, naye anajua. Nikisimamishwa barabarani nashusha kioo na kusema kwanza: «Afande, kamera yangu inarekodi na sauti.» Wengi hawajali. Mmoja aliniomba niizime sauti, nikaizima, nikaacha picha, tukaendelea kwa amani.

Fundi umeme wa magari, Tabora

Nimesoma yote, na naomba nirekebishe mambo ya kiufundi ambayo huwaponza wateja wangu. Kamera nyingi hutoka kiwandani sauti ikiwa imewashwa, na nyingine hurudi kuiwasha zenyewe baada ya kurejeshwa kwenye mipangilio ya mwanzo, kwa hiyo aliyeizima asiamini mpaka amechomoa kadi na kusikiliza. Wapo wanaoizima kwa kudhani wanaokoa nafasi ya kadi, lakini sauti huchukua sehemu ndogo mno: kadi ya GB 64 kwa picha ya kiwango cha 1080p hujaa baada ya takribani saa nane hadi kumi, uzime sauti au uiwashe, kisha kamera huanza kufuta vipande vya zamani ili iandike vipya.

Wanaotegemea sauti wajue pia kwamba maiki husikia zaidi ya ndani kuliko ya nje. Vioo vikiwa vimefungwa, aliyesimama nje akizungumza atasikika kwa shida. Vikiwa wazi, upepo wa mwendo kasi humeza kila kitu. Kamera ikiwekwa juu ya dashibodi karibu na matundu ya feni, utarekodi feni. Ibandikeni kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, kisha jaribuni kwa kuongea, kupiga honi na kuwasha indiketa gari likitembea.

Na saa ya kamera muiangalie. Gari likishinda juani mwezi wa Oktoba hapa Tabora, betri ndogo ya ndani huvimba na kufa, na kamera ikizimika inapoteza tarehe. Nimeona rekodi nzuri ya ajali ya juzi inayodai kutokea miaka mingi kabla gari halijanunuliwa. Wakili atatueleza hakimu angesemaje.

Anayebeba wagonjwa, Urambo

Sauti yangu imezimwa moja kwa moja. Mgonjwa anayepelekwa rufaa analia, anaungama, anaita majina. Hakuna ajali itakayonifanya niyahifadhi maneno yale kwenye kadi.

Dereva wa taksi, Kigoma

Nashukuru, wakili, na wengine wote. Nimemsomea tajiri maelezo yenu akiwa peke yake, bila kumhukumu. Alikaa kimya, kisha akakubali kadi isichomolewe ila kukiwa na tukio, na tuwepo wote wawili. Amependekeza sauti izimwe, niwe nabonyeza kitufe cha kuiwasha pale tu linapotokea jambo. Je, hilo linatosha?

Mwanzisha mada, Tabora Mjini

Ndugu yangu, kwa kadi tajiri amefanya vyema, na ufikishe shukrani zetu. Kwa kitufe nina shaka, kwa sababu honi hupigwa kabla ya ajali. Ukibonyeza baada ya kishindo utarekodi kelele za watu na honi yako itakuwa imepotea. Hapo inabidi mchague mnachokipoteza, na kwa taksi ya Mwanga, yenye mwendo mdogo na wateja wa kudumu, ningekubali kuipoteza honi.

Mimi naenda masafa ya Kaliua na nimechagua kuiacha sauti ikiwa imewashwa. Nimebandika maandishi makubwa mgongoni mwa viti vya mbele, yanayosomeka kabla mtu hajafunga mlango: «Gari hili linarekodi picha na sauti kwa ajili ya ajali. Ukitaka sauti izimwe, mwambie dereva.» Wasiojua kusoma nawaambia kwa mdomo kabla ya kuondoka. Wanaoomba naizima papo hapo na kuwaonyesha alama ya maiki iliyopigwa mstari, nao huishika simu yao na kuendelea. Ukipata nafasi mpelekee yule mama wa Kibirizi ujumbe kwamba sauti imezimwa, na umwonyeshe alama hiyo kabla hajapanda.