Emacs inaganda nikibonyeza Tab kwenye faili za seva ya mbali, naombeni ushauri

KodiMwanza: Wakuu habari za jioni. Mi nipo Mwanza ila seva ya kazini iko Frankfurt, kila siku naingia na Emacs (programu ya kuandikia kodi) kupitia TRAMP, kile kipande chake cha kufungua faili za seva ya mbali, naandika /ssh:kazi@seva:/var/www/ halafu nabonyeza Tab inimalizie jina la faili. Hapo ndo balaa linaanza, inaganda sekunde tatu nne mpaka nahisi laptopu imekufa, na nikikosea herufi moja kwenye jina la folda ndo kabisa, naenda kuchemsha chai narudi. Ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) ni kama milisekunde 190. Nimebadilisha bando mara mbili nikidhani mtandao, wapi! Faili za humu humu kwenye laptopu zinakuja fasta tu.

chumvi77: hamia Vim mkuu, hiyo Emacs achana nayo 😂

dadaUnix: @chumvi77 na hiyo netrw yako (ya Vim ya kufungua faili za mbali) ukiandika scp:// Tab inakumalizia jina la faili la kwenye seva? Tusipotoshane bana

jeshi_la_tab: weka ControlMaster auto na ControlPersist 10m kwenye ~/.ssh/config, ssh itumie muunganisho uleule tena na tena, mi ilinisaidia

mzee_wa_terminali: Hiyo inasaidia wakati wa kufungua muunganisho, na TRAMP ina mipangilio yake ya hayo mambo mpaka uiambie ifuate ya kwako. Tab ni habari nyingine. Ukishaingia, TRAMP inakaa na shell moja (ya kupokea amri) kule, kila swali la "folda hii ipo? ndani kuna nini?" linasafiri Frankfurt na kurudi, sasa kwa hiyo ping yako maswali kumi tu ni karibu sekunde mbili, bando hata ununue kubwa vipi halisaidii maana kinachokula muda ni safari, mzigo wenyewe ni mdogo. Punguza maswali. Kwanza mpangilio wa Emacs unaoitwa remote-file-name-inhibit-cache, kawaida ni 10, yaani ikishapita sekunde kumi inasahau ilichoambiwa inaenda kuuliza upya. Iweke nil, yaani isisahau. Pili, kijana, kwenye completion-styles (njia ambazo Tab inatumia kumalizia jina) una partial-completion?

KodiMwanza: Ndiyo mzee ipo, si ndo ile ya kuandika /v/w/h inajaza yenyewe

mzee_wa_terminali: Ndo mchawi wako huyo. Ukikosea folda ya katikati inarudi nyuma kukagua folda moja moja inayofanana. Kwenye laptopu huoni kitu, ng'ambo utalia. Weka hivi kwenye faili la mipangilio ya Emacs, Tab ya faili ibaki na njia ya basic tu:

(setq completion-category-overrides '((file (styles basic))))

dadaUnix: na kama unatumia Git (ya kutunza matoleo ya kodi), weka vc-ignore-dir-regexp iruke njia za mbali, ile ya kutafuta .git kila ukifungua faili nayo inasumbua. Haihusu Tab lakini utanishukuru

KodiMwanza: Mzee Mungu akubariki, Tab sasa inajibu kabla sijatoa kidole!! Ila kuna kitu, jamaa wa zamu katengeneza faili jipya saa hii, nikibonyeza Tab silioni kabisa, nikiingia kwa ssh ya kawaida lipo

mzee_wa_terminali: Ni hiyo nil, inakumbuka ya zamani haisahau. Kama mko wengi kwenye seva moja weka 60 badala ya nil, na ukiwa na haraka piga M-x (Alt na x) tramp-cleanup-this-connection ukiwa ndani ya faili la huko huko

chumvi77: bado nasema Vim