Barua taka zinatumwa kwa jina la kikoa chetu: tumedukuliwa?

Muuza Mbegu, Mbale
Habari zenu ndugu. Kikasha cha info@ kinajaa taarifa za "barua haikufika", za barua ambazo hatukutuma. Wateja nao wanapokea ankara bandia yenye anwani yetu, ikiwaambia walipe kwa namba ya simu isiyo yetu. Nywila zimebadilishwa, wapi. Kikoa ni cha .co.ug, barua ziko Google Workspace, tovuti iko kwenye seva ya kukodi Kampala na hutuma barua za fomu.

Fundi Seva
Pole. Kuna uwezekano mkubwa hamjadukuliwa. SMTP, utaratibu wa kutuma barua pepe, haimwombi mtumaji kitambulisho; kwenye From, yaani anwani ya mtumaji anayoiona mteja, mtu huandika anachotaka. Hakikisheni kwanza: mteja aihifadhi ankara kama faili la .eml, alitume kama kiambatisho. Akiisambaza kawaida, vichwa vya asili (mistari iliyofichika inayoonyesha njia ya barua) vinapotea. Humo someni Authentication-Results (matokeo ya ukaguzi wa mtumaji) na Received (alama ya mapokezi) iliyowekwa na seva ya mteja mwenyewe. Zilizo chini yake mhuni anaweza kuzibuni. IP (namba ya seva iliyotuma) ikiwa ngeni, ni kughushi tu. DKIM yenu (saini ya kidijitali ya kikoa) ikipita, basi kuna akaunti iliyoingiliwa, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kisha SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa. Huwekwa kwenye DNS (kumbukumbu za kikoa) kama rekodi ya TXT:
`v=spf1 include:_spf.google.com ip4:IP_YA_TOVUTI ~all`

Iwe moja tu. Zikiwa mbili, jibu ni permerror (kosa la kudumu), na zote ni bure. Kila include huhesabiwa katika kikomo cha maulizo 10 ya DNS, ip4 haihesabiwi.

Muuza Mbegu, Mbale
Asante. Hiyo yatosha?

Mama Mitandao
Haitoshi hata kidogo. SPF hukagua Return-Path (anwani ya kurudishia barua isiyofika), wakati mteja anaona From. Mhuni anaweka kikoa chake kwenye Return-Path, SPF inapita, na jina lenu liko palepale. Kinachofunga pengo hilo ni DMARC, kanuni inayodai From ilingane na kikoa kilichopita SPF au DKIM.

Washeni DKIM kwenye Workspace, ufunguo wa biti 2048. Unazidi herufi 255, kwa hiyo baadhi ya paneli za DNS huukata kimyakimya. Ugaweni vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za nukuu. Halafu mrudi Workspace kuanzisha utiaji saini, hatua ambayo wengi huisahau. Mwisho, kwenye _dmarc:
`v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kikoachenu.co.ug`

p=none ni kuangalia tu, na rua ni anwani ya kupokea ripoti. Msirukie reject (kukataa barua). Ripoti za XML huja kila siku. Zisomeni wiki kadhaa mpaka barua zenu zote halali zipite, ndipo quarantine (kuzipeleka kwenye barua taka), kisha reject. Fomu ya tovuti ndiyo huanguka kwanza, kwa sababu huweka anwani ya mgeni kwenye From. From iwe yenu, ya mgeni iende Reply-To (anwani ya kujibu).

Fundi Seva
Nyongeza. Msizuie barua zenye mtumaji mtupu `<>`, maana hata taarifa halali za kutofika huja hivyo. Zimeni kikasha kinachopokea kila anwani, hata zisizokuwepo. Mafuriko yanaweza kupungua siku hiyohiyo. Kama mna kikoa cha akiba kisichotuma barua, kipeni `v=spf1 -all` na DMARC ya `v=DMARC1; p=reject` leo leo, hakihitaji kusubiri.

Mama Mitandao
Na DMARC haigusi kikoa kinachofanana na chenu kwa herufi moja. Kwa hilo waambieni wateja: namba ya malipo ikibadilika, wapige simu kwa namba wanayoijua, siyo ile iliyoandikwa kwenye ankara.