Gari langu la kwanza, Carina Ti namba B: nilifufue au niliachie?

Ticha wa Uyole

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa ninyi mlioko Mbeya, Iringa na Njombe mnaojua milima yetu inavyoyachosha magari.

Nina Carina Ti ya mwaka 1998, injini 5A-FE ya cc 1500, giaboksi otomatiki. Ndilo gari langu la kwanza, niliuziwa na mwalimu mwenzangu alipohamia Dodoma. Naishi Uyole, nafundisha upande wa Kiwira, kwa hiyo barabara ya Isongole naipanda na kuishuka nalo kwenye mvua na kwenye ukungu, na wikiendi nikipata nafasi nateremka hadi Kyela kumwona mama. Halijawahi kunilaza njiani.

Sasa limechoka. Linakula oili na linatoa moshi wa bluu. Shokapu za nyuma zimekufa, likivuka tuta linabaki linanesa. Rangi imepauka kwenye boneti na paa, na chini ya mlango wa nyuma upande wa dereva rangi imefanya malengelenge, ukibonyeza unasikia kutu inavunjika ndani. Breki zinashika, ila kwenye mteremko mrefu pedeli inakuwa laini.

Fundi mmoja wa mjini kanipigia hesabu: injini nyingine ya mtumba pamoja na ufundi milioni 2.3, rangi gari zima laki 9, halafu akashauri rimu za inchi 17, taa za LED na redio ya skrini ili gari lionekane la kisasa. Upande wa pili kuna mtu analitaka kama lilivyo kwa milioni 4. Nikichanganya na akiba na mkopo wa SACCOS nafika kwenye IST.

Nalipenda hili gari na sioni aibu kulisema. Lakini nina watoto wanaosoma, sitaki mapenzi yanimalizie hela. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mnyalu wa Mafinga

Kamwene mwalimu. Chukua hiyo milioni 4 kabla mwenye nayo hajabadili mawazo. Mimi nilikuwa na Premio, nikitengeneza hiki leo, kesho kinadai kile. Hela unayoweka kwenye gari lenye zaidi ya miaka 25 hairudi siku ya kuuza. Mnunuzi anaangalia mwaka na namba basi, hakuulizi ulifunga shokapu gani. Nilihamia IST, injini 1NZ-FE, inatumia cheni badala ya taimingi belti, na spea zake hukosi hata kwenye miji midogo. Kitonga naipanda bila kuwaza.

Kandoro

Mnyalu yuko sahihi kwenye kuuza, ila hesabu ya kununua ameiruka. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa 2002 hadi 2007. Ukiagiza, kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1001 na 2000, VAT asilimia 18, na juu yake tozo ya uchakavu kwa sababu ya umri wa gari. Kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni, ingiza modeli na mwaka uone mwenyewe kabla hujasaini karatasi yoyote ya SACCOS. Ukinunua ya mkononi hapa hapa nchini, unachukua gari la karibu miaka 20 lenye magonjwa ya mtu mwingine. Hilo lako magonjwa yake unayajua.

Fundi wa Sae

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Mimi ni fundi, gereji yangu iko Sae, na Carina nazifungua tangu zikiwa ndizo teksi za mji huu.

Usitoe hata shilingi kabla hujajua hali ya bodi. Injini ya Carina ukiitaka leo unaipata leo. Bodi zima hulipati, na bodi ndilo gari. Ng'oa ile plastiki ya kukanyagia mlangoni, inua kapeti mbele na nyuma mpaka uone bati. Kama kuna unyevu chini ya kapeti, kuna mahali maji yanapenya, na hiyo sakafu imeanza kuliwa muda mrefu. Kisha gari lipandishwe juu ya stendi. Jeki peke yake usiiamini, usiingie chini. Chukua bisibisi bapa, gonga kwa mpini taratibu ule mhimili wa chini ya milango kuanzia mbele hadi nyuma. Bati zima linalia vizuri, lililooza linatoa sauti nzito, iliyokufa. Pale penye malengelenge sukuma kwa ncha. Ikizama usishtuke, weka alama kwa chaki uendelee. Pinda kwenye matao ya tairi za nyuma, kwenye shimo la tairi ya akiba, na pale mabomba ya breki yanapopita.

Mwisho fungua boneti utazame pale shokapu za mbele zinaposhika bodi, na huko chini mikono ya mbele inayoshika magurudumu inapofungwa. Kutu ya kula bati ikiwa sehemu hizo, muuzie huyo wa milioni 4 na umweleze ukweli wote, maana gari la hivyo linaweza kumwacha mtu kwenye kona. Ikiwa ni kwenye mhimili wa milango au matao tu, panakatwa, panachomelewa bati jipya, maisha yanaendelea. Usikubali mtu apake pati juu ya kutu. Mvua ya Tukuyu itaifumua msimu mmoja na chini utakuta shimo kubwa kuliko la kwanza.

La pili nijibu: huo moshi wa bluu unautoa saa ngapi? Likiwaka asubuhi? Likipanda limebeba watu? Au ukitoka mteremkoni?

Mkongwe wa TANZAM

Huku mnaongea injini na kutu, mimi jicho langu liko kwenye ile sentensi ya pedeli laini. Mwalimu, hilo ndilo la kwanza, leo, kabla ya jingine lolote. Nimeendesha malori barabara hii, nimeona Iwambi na Inyala zinachofanya kwa mtu aliyebaki bila breki.

Oili ya breki inavuta unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Ukishuka mteremko mrefu umekanyaga muda wote, diski zinapata moto, unyevu ule unachemka, yanatokea mapovu ya mvuke, na mvuke unabanana. Pedeli inazama. Watu wengi wanaongeza oili kwenye kikopo wakidhani wametibu. Imwagwe yote, ijazwe mpya, itolewe upepo magurudumu yote manne, na mipira ya breki iangaliwe kama imepasuka. Baada ya hapo irudie kila miaka miwili.

Na wewe mwenyewe badili namna ya kushuka. Hiyo otomatiki ina kitufe cha O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa) pale kwenye gia. Ukifika juu ya mteremko kizime, pakiwa pakali zaidi weka 2, injini ikushikilie. Breki ukanyage kwa nguvu kidogo, uachie, zipumue. Usitembee umeziegemea.

LED za kuchomeka kwenye taa za Carina achana nazo. Kioo cha taa kile kilichorwa kwa ajili ya balbu ya halojeni, ukiweka LED mwanga unatawanyika, unampofusha anayekuja, na kwenye ukungu wa Isongole unakurudia wewe machoni. Ng'arisha vioo vya taa vilivyofifia, weka balbu mpya za halojeni, utashangaa. Rimu 17 nazo ni uzito wa bure kwa gari lililotoka na 14, na tairi lake jembamba halina mto wa kukulinda kwenye mashimo. Hela ya rimu nunua tairi mpya, na usome tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka. 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017, hilo usilichukue hata kama kashata zake zimesimama.

Ticha wa Uyole

Nawashukuru sana, ndaga fijo. Mkongwe, kesho naanza na breki.

Fundi, moshi nauona hivi: kutoka Isongole nateremka mguu nimeutoa kwenye mafuta, nikimaliza kushuka nikakanyaga kupanda kuelekea Tukuyu, kwenye kioo cha nyuma linatokea wingu la bluu, halafu linakatika. Asubuhi likiwaka pia linatoa kidogo. Lakini nikitoka Igawilo napanda, limejaa watu na viazi, sioni kitu.

Fundi wa Sae

Hapo umenipa nusu ya jibu. Ukishuka bila kukanyaga mafuta, mlango wa hewa umefungwa, injini inavuta kwa nguvu na haipati cha kuvuta. Inavuta oili kupitia sili za vaivu. Oili inakusanyika, ukikanyaga inaungua yote kwa pamoja, ndilo wingu lako. Ile ya asubuhi ni iliyochuruzika usiku kucha. Ringi za pistoni zikiwa zimekwisha, ungeona moshi pale unapopanda na mzigo, na wewe unasema hapo hakuna kitu.

Sili za vaivu ni vipira vidogo, vinakakamaa kwa umri. Hedi haishuki. Fundi anayejua anajaza upepo kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili vaivu isidondoke, anatoa springi, anabadili sili, anahamia nyingine. Hapo hapo badili na taimingi belti kama hujui ilifungwa lini, maana inatakiwa kila kilomita 100,000. Kwenye 5A-FE belti ikikatika vaivu hazigongani na pistoni, lakini itakuacha porini usiku.

Ili kuwa na uhakika pima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitoke, mafuta yakanyagwe hadi mwisho, betri iwe na nguvu. Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wa Mbeya wanapouziwa injini wasizozihitaji. Kitabu cha Toyota kinasema injini mpya inasoma psi 191, ya mwisho kukubalika 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, injini inabana hewa kidogo zaidi, na geji inasoma pungufu kwa kama asilimia 15. Yaani injini nzima kabisa hapa utaikuta kwenye 160. Nimeona watu wakiambiwa "injini imekufa, inasoma 150" na injini haina ugonjwa. Tazama zaidi ule ulingano wa silinda zote nne. Moja ikiwa chini peke yake, wamwage oili kidogo kwenye tundu lake wapime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni vaivu.

Kandoro

Nyongeza ndogo: ukiamua kubadili injini au kupaka rangi tofauti, peleka mabadiliko TRA kadi ibadilishwe. Namba ya injini isipolingana na kadi, siku ya kuuza au ya kudai bima utahangaika sana.

Mnyalu wa Mafinga

Kama kweli ni sili tu na bodi liko salama, sina ubishi tena mwalimu. Ila weka kikomo chako sasa hivi, ukiwa na akili iliyotulia. Andika kwenye daftari: nikifika milioni fulani nasimama. Bila hivyo gari la zamani linakupeleka laki mbili mbili mpaka unashangaa.

Ticha wa Uyole

Nimerudi na majibu. Kompresheni: 155, 150, 155, 145. Yule fundi wa mjini alivyoona 145 akasema ndiyo hiyo, toa injini. Nikamuuliza kuhusu mwinuko wa Mbeya, akanyamaza kidogo, akasema tutaangalia.

Bisibisi ilizama sehemu moja, pale pale penye malengelenge, urefu wa kama kiganja. Tao la nyuma upande huo lina kutu ya juu tu. Sakafu kavu mbele na nyuma. Kwenye shokapu za mbele na mikono nimeangalia kwa tochi, nikasugua kwa brashi ya waya, bati ni zima.

Oili ya breki iliyotoka ilikuwa nyeusi kama kahawa. Mpira mmoja wa mbele ulikuwa na nyufa, nimebadili yote miwili. Jana nimeshuka Isongole O/D ikiwa imezimwa, pedeli imebaki juu hadi chini ya mteremko.

Kwa hiyo nalibakiza. Mkopo siuchukui. Linafuata la sili na taimingi belti, kisha shokapu, kisha kukata na kuchomelea, na rangi nitapaka upande huo tu kwa rangi ile ile. Kikomo changu ni milioni moja na nusu, nimeandika. Rimu hapana. Redio nitaona mwakani. Fundi, kuna la kuangalia kwenye kuchomelea?

Fundi wa Sae

Betri itolewe kabla ya kuchomelea, na kapeti na viti vya upande huo vitoke nje, cheche zinawasha vitu. Wakate hadi wafike bati safi, wasichomelee kiraka juu ya kilichooza. Chini ya ule mhimili kuna vitundu vya kutolea maji, wasivizibe. Wakimaliza na rangi ikikauka, wapulizie oili nzito ndani ya mhimili huo kupitia vitundu hivyo hivyo. Shokapu nunua zote mbili za nyuma, na vile vipira vyake vya juu viwe vipya. Jumatatu nipo gereji kuanzia saa mbili asubuhi, likilala usiku mzima bila kuwashwa ndiyo vizuri, nataka niuone ule moshi wa asubuhi kwa macho yangu kabla sijafungua.