Kati ya kambi za Mandara na Horombo, Kilimanjaro, kuna mnyama kweli?

buti_kubwa: Wakuu habari zenu, juzi nimepanda Kili kwa njia ya Marangu, sasa ile siku ya pili ukishatoka msituni ni vichaka tu mpaka Horombo, vijani vidogo kama sindano, vingine vimeungua vimebaki vijiti vyeusi. Masaa sita sijaona kitu zaidi ya kunguru mwenye doa jeupe shingoni aliyenipokonya yai huku namenya!! Hivi pale hifadhi inalinda nini hasa?

mgumu_mstaafu: Pole na yai mkuu 😂 wale hawana aibu. Hivyo vichaka ni erika, na usione vinakuishia kiunoni ukadhani ndo kimo chake, visipochomwa vinakuwa miti kabisa yenye ndevu zinaning'inia. Huo weusi ni moto, wa Oktoba 2020 ulianzia palepale Whona mnapopumzikaga, 2022 Oktoba tena ukawaka upande wa kambi ya Karanga. Erika inachipua upya kutoka chini kwenye shina ila ikiungua kila mara haipandi juu, inabaki kichaka. Wanyama wapo, nyie mnapita kundi zima mnapiga stori, kaa peke yako kwenye jiwe utulie uone panya wa mistari wanavyokuja hadi kwenye kamba za viatu. Ukitaka pofu, yule swala mkubwa, nenda uwanda wa Shira.

binti_wa_mfongo: Sisi tunaoishi huku chini tunalinda maji. Ukungu ukipita kwenye yale majani na zile ndevu unashika, unakuwa matone, yanadondoka ardhini hata siku ambayo mvua haijanyesha. Sasa mtu anapanda kurina asali, anawasha moshi, nyuki wanaondoka na moto unabaki, yeye keshashuka na ndoo yake. Inaniuma sana aisee.

buti_kubwa: Duh, kumbe. Na lile dude kama kabichi karibu na Horombo, lina maji katikati?

mgumu_mstaafu: Lobelia hiyo. Usiku inajifunga majani, asubuhi na mapema ukichungulia unakuta barafu nyembamba juu, ukiigusa ikivunjika chini yake ni maji, ndo blanketi la kichipukizi hilo. Ikitoa ule mkonga wa maua subiri hapo, ndege chozi wa kijani mwenye mkia mrefu lazima aje kunyonya. Ila usiichokonoe na fimbo, nimeona wageni wanafanya hivyo.