Mlevi anabaki, aliyelalamika ndiye anahamishwa! Treni za safari ndefu zinaendeshwa na nani?

Wakuu, hasira yangu haijapoa, kwa hiyo nisameheni lugha.

Usiku kucha behewa letu limetekwa na kikundi chenye chupa na spika. Mwanzo ilikuwa muziki, tukavumilia. Baadaye wakamgeukia dada mmoja wa dirishani: maneno machafu, mara wamshike bega, mara wamvute mtandio. Nikainuka kumtafuta mhudumu, na njia pekee ilikuwa kupita katikati yao. Mhudumu akaja, akasimama mlangoni, akaninyooshea kidole: "Huyu bwana anasema mnapiga kelele." Basi! Akageuka kwangu: "Kaka, kama unasumbuka nikuhamishie behewa la nyuma, kuna nafasi."

Nihame mimi? Tiketi yangu ina namba ya kiti. Na yule dada ahame, na mama mwenye watoto wamelala ahame, tuwaachie behewa lote wafalme?

Utetezi naujua: treni haisimami porini kwa ajili ya mlevi. Sawa kabisa, wala sijaomba hivyo. Wale wa "vuta breki ya dharura" nao waache, maana kumshusha mlevi gizani pembeni ya reli ni kumtafutia kifo, polisi hayupo kichakani, na treni zilizo nyuma zote zinakwama. Lakini dereva ana redio, anawasiliana na waongozaji wa treni njia nzima. Kinachoshindikana ni nini kusema behewa fulani lina watu wa kushushwa, polisi wawe tayari kituo kijacho? Tulikuwa na zaidi ya saa nzima kabla ya kituo. Huo muda unatosha polisi kujiandaa, kunywa chai na kutusubiri!

Na msiniambie haiwezekani. Kwenye ndege, Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa rubani mamlaka ya kumdhibiti abiria mkorofi na kumkabidhi kwa polisi akitua. India, sheria ya reli ya 1989 inamruhusu mfanyakazi wa reli kumwondoa mlevi au mfanya fujo. Uingereza abiria anatuma ujumbe wa simu kwa polisi wa reli kupitia 61016 akiwa amekaa kimya kwenye kiti chake. Hili la tatu ndilo ninalolililia zaidi. Baada ya kuoneshwa kwa kidole vile, mnadhani nilipata usingizi? Hata chooni niliogopa kwenda.

Simlaumu sana yule mhudumu. Yuko peke yake, mabehewa kadhaa yanamtegemea, hana mlinzi. Simwambii apigane. Nawauliza waliomtuma kazini hivyo, halafu wakafungua kaunta ya pombe humo humo ndani na kuwauzia watu ambao tayari walikuwa hawasimami vizuri. Faida ya chupa mnachukua nyinyi, matusi tunabeba sisi.

Dada yule alishuka kabla ya kituo chake. Wao walifika salama.

Kuna aliyewahi kuona mkorofi akishushwa kwenye treni? Aseme ilikuwaje, nani aliitwa na ilichukua muda gani. Wale wa "vumilia, ni usiku mmoja tu", piteni hivi.