Msaada: napataje kina sahihi cha ndoano nikivua kwa boya mtoni?

Mgeni wa Kanda: Wakuu, habari za jioni. Mimi si mwenyeji wa Mwanza, uvuvi nimeujulia hukuhuku. Navua mtoni kwa mwanzi, nailoni, ndoano moja na boya la kipande cha kandambili. Chambo minyoo. Nawaona sato kabisa wanaizunguka ndoano lakini boya halizami. Nikifupisha, hakuna kitu. Nikirefusha, linazama kila mara, navuta, patupu. Kuna kanuni ya kina? Jumamosi nina jambo, naomba msinicheleweshe.

ngosha_mpole: Kanuni ni kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba na elfu kumi yako.

Fundi Nailoni: Mto gani, na unasimama wapi?

Mgeni wa Kanda: Mto ni mto tu mkuu. Nataka kanuni.

Fundi Nailoni: Haya. Tafuta chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, liwe zito kuliko uwezo wa boya, litundike kwenye ndoano, lishushe palepale unapotaka kuvua. Boya likizama lote, mshipi ni mfupi kuliko maji, lisogeze juu. Likilala ubavu, umezidisha. Likisimama ncha tu ikichungulia, ndoano imegusa chini. Toa chubwi, tia minyoo.
Sasa mto si bwawa. Mkondo unaubeba mshipi, ndoano haikai wima chini ya boya, kwa hiyo ongeza kama shubiri hivi. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, basi lizuie boya kidogo ili chambo kitangulie. Na boya likizama kila linapofika palepale, huyo si samaki. Ndoano inakwaruza chini. Pima tena kila siku, maana mvua ikinyesha Bariadi huko juu usiku, mto Simiyu wa asubuhi si ule uliouacha.

mama_wa_mwaloni: Mmenikumbusha samaki ningu. Marehemu baba alikuwa akisikia ngurumo za masika tu anaandaa kapu, ningu wanapanda mto kutaga, mayai tele tumboni. Mama anawachemsha na nyanya, supu inanukia hadi kwa jirani. Halafu watu wakatandaza nyavu kwenye midomo ya mito, wakawamaliza wakiwa njiani kwenda kuzaa. Leo nauza sangara na sato, mwanangu hamjui ningu. Wewe mleta mada, hapo unapovua si mazalia kweli?

Mgeni wa Kanda: Mama shikamoo. Ndoano moja haimalizi samaki. Fundi, nitapimaje na mwanzi wangu ni mfupi? Boya nikilipandisha sana naishiwa fimbo.

Fundi Nailoni: Ndiyo maana nikauliza unasimama wapi. Jibu.

Mgeni wa Kanda: Simiyu, chini ya daraja kuelekea ziwani. Nasimama majini, kiunoni hivi, ili nifike penye kina. Jioni, watu wakishapungua.

ngosha_mpole: Kumbe chambo si minyoo!

mama_wa_mwaloni: Mwanangu, mamba haulizi wewe mgeni au mwenyeji. Toka humo.

Mgeni wa Kanda: Nimeshanunua gambuti ndefu, na baba mkwe mtarajiwa anakuja Jumamosi. Ni mtu wa Ukerewe, kisiwani kwa wavuvi, nilimwambia nimekulia kwenye uvuvi. Siwezi kurudi nyuma. Na wenyeji wanaoga humo kila siku, mbona hamwasemi?

Mtumishi77: Ndoa inayoanza kwa uongo... Kijana, mweleze mzee ukweli, hata sisi tulioa bila kujua kuvua. Mimi nilijifanya mkulima wa pamba, nikapewa jembe siku hiyohiyo.

Fundi Nailoni: Gambuti likijaa maji hata kuogelea huwezi. Achana na mwanzi, tumia mshipi wa mkono. Toboa boya katikati lipite kwenye mshipi kwa kuteleza, chini weka chubwi dogo, juu ya boya funga fundo la uzi pale kina kilipo. Ukirusha, boya linakaa karibu na chubwi. Chubwi likishuka, mshipi unapita mpaka fundo linagota. Unavua mita tatu za maji ukiwa umekaa ukingoni na viatu vyako vikavu.

Kitendawili: Chai hii. Masika, Simiyu rangi ya chai ya maziwa, na yeye anawaona sato wakizunguka ndoano? Halafu anasimama majini hadi kiunoni anauliza kina. Kina si kiuno chako?

ngosha_mpole: 😂😂 Leteni mkanda wa fundi cherehani tumpime.

Mgeni wa Kanda: Niliona migongo ikipasua maji. Na mbele yangu panaporomoka ghafla, ndipo ninapotupa.

Kitendawili: Post ya kwanza "nawaona kabisa", sasa migongo. Weka picha ya gambuti.

mama_wa_mwaloni: Hata akiwa anatunga, wako wanaosimama hapo kweli. Fundi, mwache aliyeelewa aelewe.

Mtumishi77: Kwani mahari umeshatoa?

Mgeni wa Kanda: Nusu. Fundi, hilo fundo la uzi linapitaje kwenye ncha ya mwanzi?

Fundi Nailoni: Mwanzi wa nini tena?